Nyasi bandia uani: Kwenye mteremko, kazi kubwa iko ardhini

Tangu Barabara Kuu ya Thika ipanuliwe na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, familia nyingi zimehamia Ruiru na Thika na kujenga katika vipande vya ardhi ambavyo awali vilikuwa mashamba ya kahawa. Kwa wazazi wanaotaka watoto wachezee nyumbani, nyasi bandia zimekuwa kivutio, kwani hazigeuki tope wakati wa masika wala hazinyauki kiangazi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya ardhi ya eneo hili imeinama. Hushuka kutoka safu za milima ya Nyandarua kuelekea kusini mashariki, nayo imekatwa na mito kama Ruiru, Ndarugu, Thika na Chania. Anayetandika nyasi hizo kwenye mteremko bila kuandaa ardhi anaweza kupoteza kiwanja chake katika msimu mmoja wa mvua, na pengine kuangusha ukuta wa jirani aliye upande wa chini.

AINA YA NYASI

Nyasi bandia zilipata umaarufu mwaka 1966 zilipotandikwa katika uwanja wa Astrodome, Houston, Marekani. Mwaka 2004 ziliingizwa rasmi katika sheria za kandanda. Nchini Kenya, wachezaji wa hoki wamezitumia kwa miaka mingi katika uwanja wa City Park, Nairobi.

Nyasi za kandanda huwa na nyuzi za milimita 40 hadi 60, ambazo hujazwa mchanga na aghalabu chembe za mpira. Kwa tenisi na michezo mingine ambayo mpira hudundishwa, zinazofaa ni fupi, za milimita 10 hadi 20, zilizojazwa mchanga pekee.

UKUBWA WA KIWANJA

Ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni karibu thumuni ya ekari, ina takriban mita 15 kwa 30. Kiwanja kamili cha tenisi, pamoja na nafasi ya kukimbilia, huhitaji karibu mita 36.6 kwa 18.3. Hakiwezi kuenea hapo hata kama hakuna nyumba. Kiwanja cha mpira wa vinyoya, chenye mita 13.4 kwa 6.1, chaweza kuenea iwapo nyumba imejengwa upande mmoja. Wenye ua mdogo zaidi huridhika na kiwanja kidogo cha mazoezi.

Chukua mfano wa kiwanja cha mita 12 kwa 8 ambacho ardhi yake inashuka kwa asilimia 10 kufuata urefu. Tofauti ya kimo kati ya ncha mbili ni mita 1.2. Kiwanja kilichokamilika huachiwa mteremko wa asilimia moja hivi ili maji yatiririke, yaani sentimita 12. Kwa hivyo, udongo hukatwa hadi kina cha sentimita 54 upande wa juu na kujazwa kwa kimo hicho upande wa chini. Huo ni udongo wa karibu mita 13 za ujazo.

UDONGO

Kabla ya kukata, yafaa kuchimba shimo katika kila ncha ili kuubaini udongo. Maeneo ya juu yaliyolimwa kahawa yana udongo mwekundu, ambao hupitisha maji vyema. Ukiteremka mashariki, hasa pande za Juja, utakutana na udongo mweusi unaofura ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyasi zikitandikwa juu ya udongo huo hupata mabonde na matuta. Sharti uondolewe na nafasi yake ijazwe changarawe ya barabara.

Udongo wa kujazia hushindiliwa kwa mashine tabaka baada ya tabaka, kila moja isizidi sentimita 15. Upande wa chini hujengwa ukuta wa kuzuia udongo, na mawe ya machimbo ya Ndarugu hupatikana karibu. Msingi wa ukuta huo ukae kwenye ardhi asilia, wala si kwenye udongo uliojazwa. Uachiwe matundu ya kutolea maji, na nyuma yake ziwekwe kokoto. Ukuta unaokaribia au kupita kimo cha mita moja wafaa kuchorwa na mhandisi.

MAJI

Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye kiwanja hicho cha mfano huleta lita 4,800 za maji. Hupenya kwenye nyasi na kushuka chini. Yakikosa njia ya kutokea, hulegeza udongo na kuusukuma ukuta.

Ndiyo maana mfereji huchimbwa upande wa juu ili kuyakinga maji kabla hayajafika kiwanjani. Chini ya nyasi huwekwa kokoto za unene wa sentimita 15 hadi 20, kisha vumbi la machimbo ya mawe la sentimita tatu hadi tano, lililosawazishwa na kushindiliwa. Mabomba yenye matundu huyaelekeza maji kwenye tangi au mfereji wa mtaa, kamwe si kwa jirani.

Hapo ndipo nyasi hutandikwa. Nyuzi zote zielekee upande mmoja, viungo vifungwe kwa utepe na gundi, kisha mchanga upigwe brashi uingie. Ukingo wa chini uwekewe wavu imara ili mtoto asianguke.

SHERIA NA AFYA

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 huhitaji kibali cha kaunti kabla ya ujenzi. Mwenye ploti aulize afisi za Kaunti ya Kiambu kabla ya kukata ardhi au kuinua ukuta.

Aidha, nyasi hizi hupata joto kali jua la mchana linapowaka, hivyo watoto wasicheze bila viatu. Kuhusu chembe za mpira, Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kupiga marufuku uuzaji wake kwa viwanja kuanzia 2031, kwa sababu husambaa katika mazingira. Mchanga hauna tatizo hilo.

Kwa mwenye bajeti ndogo, fedha za kwanza ziende kwa ukuta na mifereji. Aliyejaza udongo mwezi Januari afadhali asubiri masika ya Machi hadi Mei yapite. Ardhi ikididimia, kuisawazisha upya ni nafuu kuliko kung'oa nyasi zilizokwisha kugandishwa.