Ganda la sukari linalowachenga walinzi wa mwili

Mwaka 1928, daktari Mwingereza Frederick Griffith alitangaza jambo la kushangaza. Aliwadunga panya bakteria wa nimonia walio hai lakini wasiodhuru, pamoja na wale hatari waliokwisha kuuawa kwa joto. Kila kundi peke yake halikuua panya. Yalipochanganywa, panya walikufa, na katika damu yao akakuta bakteria hatari, hai kabisa.

Aina hizo mbili zilitofautiana kwa kitu kimoja: ganda walilokuwa nalo wale hatari tu. Katika kisahani cha maabara, bakteria wenye ganda huota madoa laini yanayong'aa; wasio nalo huota madoa yanayokwaruza.

Kazi ya ganda hilo haieleweki bila kumtaja Mrusi Elie Metchnikoff. Mwaka 1882, mjini Messina, Italia, alichoma miiba kwenye viluwiluwi vya kiti cha pweza, vinavyopitisha mwanga. Kesho yake aliona seli zimeizingira miiba. Miili yetu nayo ina seli walaji za namna hiyo, sehemu ya kinga tunayozaliwa nayo. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliyogawana na Paul Ehrlich.

Lakini seli mlaji lazima ipate pa kushika. Protini za damu humnata bakteria, na seli humkamata kwa hizo. Ganda huzifunika protini hizo zisifikiwe, na bakteria huendelea kuzaana mapafuni.

Mwaka 1923, Michael Heidelberger na Oswald Avery wa Taasisi ya Rockefeller, New York, walionyesha kwamba ganda ni sukari. Mwaka 1930, Avery na René Dubos walipata kwenye udongo wa kinamasi cha New Jersey bakteria mwenye kimeng'enya kinacholiyeyusha. Kimeng'enya hicho hakikuua bakteria wa nimonia. Kiliwavua ganda tu, na seli walaji za panya zikamaliza kazi.

Fumbo la Griffith, la jinsi bakteria wasiodhuru walivyogeuka hatari, lilifumbuliwa mwaka 1944, Avery, Colin MacLeod na Maclyn McCarty walipoonyesha kwamba maagizo ya kutengeneza ganda hubebwa na DNA. Griffith hakuishi kuyaona hayo: mwaka 1941 aliuawa na mabomu ya Wajerumani jijini London.

Siku hizi ganda lenyewe ndilo shabaha ya chanjo. Kingamwili zinazoamshwa na chanjo huling'ang'ania, na seli walaji zikapata pa kushika. Chanjo ya aina 14 za ganda iliidhinishwa Marekani mwaka 1977, baada ya majaribio kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Kwa kuwa sukari tupu haiamshi vyema kinga ya watoto wachanga, baadaye iliunganishwa na protini. Chanjo ya namna hiyo, yenye aina 10, ilianza kutolewa Kenya mwaka 2011.

Aina za ganda zinazojulikana, hata hivyo, zimepita 100. Zilizomo kwenye chanjo zinapopungua, nyingine hujaza nafasi, ndiyo maana watengenezaji wanaendelea kuongeza aina katika kila chanjo mpya.