Moshi wa pumba za mpunga



Juzi nilikuwa Ujiji, pale Kigoma, nikapita nyuma ya mashine moja ya kukoboa mpunga. Walikuwa wamechoma rundo la pumba. Mnaujua ule moshi: hauna moto mkali, unafuka polepole na kukaa chini chini, una utamu fulani kama wa mkate ulioungua kidogo. Basi nikasimama pale kama mjinga. Nilikuwa Kama, Maniema, jioni, mvua imekatika sasa hivi, sombe iko jikoni na mawese yananukia mpaka barabarani.

Wenye elimu ya ubongo wanasema harufu ina njia fupi kuliko milango mingine ya fahamu. Kutoka puani inafika haraka kwenye sehemu zinazotunza hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana unaweza kulia kabla hujajua unalilia nini. Sawa. Lakini mimi nilijiuliza swali lingine: harufu hii ilifikaje Kama?

Mpunga uliingia Maniema kutoka mashariki, pamoja na misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katika karne ya 19. Njia yao ilipita Tabora, ikafika hapahapa Ujiji, ikavuka ziwa mpaka Nyangwe na Kasongo. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta soko kubwa, na mwaka huohuo aliona watu wakiuawa kwa bunduki katika soko hilo. Njia moja ilileta mpunga, ikaleta Kiswahili chetu, ikaondoa watu wetu kwenda utumwani na kubeba pembe. Wamanyema wa Ujiji ni kizazi cha waliopita hapo. Kwa hiyo pua yangu haikukosea sana: ule moshi ulikuwa umesimama kwenye njia yake ya zamani.

Halafu akaja Mbelgiji. Mwaka 1893 majeshi ya Leopold yaliteka Nyangwe na Kasongo, lakini mpunga ulibaki. Mwaka 1917 serikali ya koloni iliweka kilimo cha lazima: siku 60 kila mwaka kulima zao ambalo Leta imechagua. Kwetu Maniema mpunga ulikuwa mojawapo. Wakati wa vita vya Hitler, mwaka 1942, siku zikapandishwa hadi 120. Migodi ilitaka chakula, maana tangu 1932 kampuni ya Symétain ilikuwa inachimba bati kule Kalima, na vibarua lazima wale.

Hayo niliyasoma chuoni. Koko yangu hakuyasoma popote.

Tulipokuwa watoto, siku ya kuchoma pumba ilikuwa sikukuu. Tulijua usiku ule kuna wali mpya. Tulikimbia ndani ya moshi mpaka nguo zinanuka. Koko yeye aliingia nyumba na kufunga mlango. Sisi tulidhani moshi unamuumiza macho. Siku moja nikamuuliza, akanijibu hivi: “Weye unasikiya mupunga. Miye nasikiya Leta.”

Akanieleza. Mtu wa Leta alikuja kupima shamba kwa hatua zake. Shamba liliandikwa kwa jina la mwanaume, lakini kupalilia, kuvuna na kutwanga ilikuwa kazi ya mama na mabinti. Shamba likikutwa na majani, baba alipigwa fimbo mbele ya watoto wake, au akapelekwa kufungwa. Bei aliipanga mnunuzi. Pumba zilibaki kijijini, mchele ukaondoka. Yeye alikuwa msichana mdogo, na jioni za kuchoma pumba ndizo alizokumbuka, kwa sababu siku hizo ghala lilikuwa limekwisha kuwa tupu.

Nakiri sikumwelewa. Nilikuwa na njaa ya wali, nikarudi kucheza.

Sasa nimekaa mbali na Kama miaka mingi, na moshi uleule unanifanya nitamani kurudi. Siwezi kusema hamu yangu ni ya uongo, kwa sababu utoto wangu ulikuwa mzuri kweli. Lakini najua kwamba kilichonifurahisha mimi kilimfungia yeye mlango, na sisi wawili tulikuwa uwanja mmoja, tunanusa kitu kimoja. Nikiandika historia ya Kama kwa pua yangu peke yake, nitakuwa nimemfungia mlango mara ya pili.

Koko hayupo tena. Maswali niliyo nayo leo sina wa kumpelekea: shamba lilikuwa upande gani, nani alipigwa, waliimba nini wakitwanga.

Ndugu zangu, wengi wetu bado tuna wazee nyumbani. Mkienda likizo, kaeni nao jikoni jioni, moto ukiwaka. Waulizeni harufu gani hawaipendi, na kwa nini. Halafu muandike walichosema kwa maneno yao wenyewe, kabla hamjasahau.