Lugard Road: njia ya miguu juu ya paa la Hong Kong

Victoria Peak, mlima wenye urefu wa mita 552 katika kisiwa cha Hong Kong, una njia ya miguu inayouzunguka karibu na kilele. Ni mwendo wa kilomita 3.5 hivi, na asiye na haraka huumaliza kwa saa moja. Upande wa kaskazini njia hiyo huitwa Lugard Road, upande wa kusini Harlech Road. Karibu yote ni tambarare, hata wazee na watoto huimudu.

Waingereza waliutwaa mlima huo pamoja na kisiwa chote mwaka 1841. Mji waliujenga chini, ufukweni, mahali penye joto, msongamano na malaria. Kuanzia miaka ya 1860 magavana walianza kukimbilia juu wakati wa kiangazi, na matajiri wa Kizungu wakawafuata, wakibebwa kwenye machela na wapagazi wa Kichina. Hewa ya juu ilikuwa baridi kidogo, ingawa ukungu uliujaza mlima kwa wiki nzima na viatu vikaota kuvu kabatini. Wenyewe waliona ni bei ndogo kulipia heshima ya kukaa juu.

Tarehe 30 Mei 1888 ilifunguliwa Peak Tram, treni ya kuvutwa kwa kebo. Abiria waligawanywa madaraja matatu: la kwanza la maofisa wa serikali na wakazi wa mlimani, la pili la askari wa Kiingereza na polisi, la tatu la watu wengine pamoja na wanyama. Mwaka 1904 ubaguzi huo ukawa sheria ya makazi. Wachina hawakuruhusiwa kuishi mlimani isipokuwa watumishi wa nyumbani, na kisingizio kilikuwa afya. Tajiri Robert Ho Tung, mwenye damu ya Kichina na ya Kizungu, alikuwa miongoni mwa wachache mno waliopewa ruhusa ya pekee.

Njia ya kaskazini ilipewa jina la Frederick Lugard, gavana wa Hong Kong kuanzia 1907 hadi 1912. Waganda wanamfahamu kwa habari nyingine. Desemba 1890 aliwasili Kampala akiitumikia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akamfanya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, atie saini mkataba, na akajenga ngome kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Januari 1892, katika vita vya Mengo, bunduki zake ziliupa ushindi upande wa Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki. Huko Hong Kong anakumbukwa zaidi kwa kuanzisha chuo kikuu.

Ujenzi wa njia yenyewe ulianza baada ya yeye kuondoka, na haukuwa mwepesi. Mahali fulani mlima ni genge tupu, ikabidi njia ibebwe na nguzo za zege zilizopachikwa kwenye mwamba. Anayepita hapo leo ana jabali upande mmoja, na upande wa pili chuma cha kushikilia tu; chini yake kuna maghorofa ya mtaa wa Central, bandari yenye meli, na ng'ambo ya maji Kowloon. Mwewe huzunguka chini ya miguu yake. Mbele kidogo umesimama mpira wa Kihindi, mti mkubwa wenye mizizi inayoning'inia hadi njiani.

Miti ya mlimani haikuwapo zamani. Wakoloni walikuta mlima wa mawe na nyasi, wakaanza kupanda misitu katika miaka ya 1870. Mingi ilikatwa kwa kuni wakati Wajapani walipoikalia Hong Kong, kuanzia Desemba 1941 hadi Agosti 1945, kisha msitu ukaanza upya.

Sheria ya 1904 ilifutwa mwaka 1946. Mwaka 1976, chini ya gavana Murray MacLehose, ilipitishwa sheria ya mbuga za mashambani, na leo asilimia 40 hivi ya ardhi ya Hong Kong imehifadhiwa. Mwaka 1985 ikafunguliwa Hong Kong Trail, njia ya kilomita 50 inayoanzia mlimani hapo kupitia Lugard Road hadi ufuko wa Big Wave Bay.

Nyumba za mlimani bado ni miongoni mwa zile ghali kuliko zote duniani. Njia, hata hivyo, haina kiingilio wala lango, na mtu huweza kuizunguka usiku au mchana. Anayetaka kuona mbali achague miezi ya Oktoba hadi Desemba, hewa inapokuwa kavu.