Vyuma vya miguu vyenye mota, na barabara ya Namanga

Mnamo Juni 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza miguu baada ya kupigwa risasi na majambazi mwaka 2004, alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akashika barabara ya Namanga, ile inayopita Kitengela na Kajiado hadi mpakani. Alisema anakwenda Afrika Kusini kutafuta tiba, kwa kuwa Kenya ilikuwa na hospitali moja tu ya uti wa mgongo, pale Nairobi, yenye vitanda 30 hivi. Kampeni ililenga shilingi milioni 250 za kujenga kituo cha tiba, Wakenya wachange ili arudi nyumbani.

Mwezi mmoja kabla, Mwingereza Claire Lomas, aliyepooza kuanzia kifuani, alimaliza marathoni ya London akitembea ndani ya vyuma vyenye mota viitwavyo ReWalk. Ilimchukua zaidi ya wiki mbili.

Nazitaja pamoja kwa sababu video za vyuma hivi zinazunguka kwenye simu, na watu wa huku kwetu wenye kijana aliyeanguka mnazini au kwenye bodaboda huniuliza: atatembea?

Vyuma vyenyewe hufungwa nje ya miguu, kiunoni hadi nyayoni. Vina mota kwenye nyonga na magoti, betri, na kihisio kinachojua kiwiliwili kimeinama kiasi gani. Mtu akiinama mbele kidogo, mguu mmoja unanyanyuliwa. Akihamisha uzito, unafuata wa pili. Magongo hayaepukiki, ndiyo maana mikono na mabega lazima viwe na nguvu. Amit Goffer, mhandisi wa Israeli aliyebuni ReWalk, mwenyewe hakuweza kuivaa, kwani ajali yake ya 1997 iliathiri na mikono.

Marekani iliruhusu ReWalk itumike nyumbani mwezi Juni 2014, kwa sharti la mafunzo na msaidizi wa kuwa karibu. Mtumiaji awe na kimo cha sentimita 160 hadi 190 na uzito usiozidi kilo 100. Mifupa yake isiwe imekonda, maana aliyekaa miaka bila kusimama anaweza kuvunjika hata kwa mshtuko mdogo. Magoti yaliyokakamaa hayaingii humo. Na bima ya wazee ya Marekani, Medicare, iliweka malipo ya takriban dola 91,000 kwa kifaa kimoja mwaka 2024, zaidi ya shilingi milioni 11 zetu. Kwa bei hiyo wengi wetu tungeuza shamba na bado tupungukiwe. Wala vyuma haviponyi uti wa mgongo. Ukivivua, miguu ni ile ile.

Hata hivyo kusimama kuna faida, na si lazima kuwe na mota. Kunanyoosha viungo na kupunguza mkazo wa misuli, kando ya furaha ya kumtazama mwenzako usoni. (Sala ya aliyekaa kwa udhuru ni sahihi, lakini namwelewa anayetamani kusimama safuni.) Vyuma vya kawaida vyenye kufuli magotini vinatengenezwa Afrika Mashariki. Ukivuka Namanga ukapita Arusha hadi Moshi, utakuta TATCOT, chuo kilichoanzishwa 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC, kinachofundisha mafundi wa vyuma na miguu ya bandia kutoka nchi nyingi za Afrika. Hapa Mombasa, chama cha APDK kina huduma zake Port Reitz.

Fundi au mtaalamu wa viungo atauliza kwanza jeraha liko pingili ya ngapi, kisha atapima magoti, nyonga na mikono. Atamsimamisha mgonjwa kidogo kidogo kwenye meza ya kuinamisha, kwani shinikizo la damu hushuka ghafla na mtu akazimia. Na kabla ya yote ataangalia matako na visigino. Mwenye kidonda cha kulalia hafungwi chuma chochote mpaka kipone, na kidonda hicho huanza kwa kukaa bila kujiinua. Anayeweza kujiinua kwa mikono ajiinue mara nyingi kila saa. Asiyeweza, ageuzwe na nduguze, usiku pia.