Pakanga sahanini: jani la njaa lililogeuka kitamu

Haya wandugu, leo naomba tuweke siasa pembeni tuongee habari ya majani. Ndiyo, majani. Tena yale yanayoota yenyewe kando ya barabara, ambayo mtu anayakanyaga na kuendelea na safari yake.

Mwezi uliopita dada mmoja ninayefanya naye kazi alirudi kutoka Seoul, Korea Kusini, alikokwenda kwa mafunzo ya miezi mitatu. Sisi wenzake tulitegemea chokoleti. Yeye akatoa kisanduku chenye vidude vya kijani kilichokolea, duara, vinavyonata mkononi. Alivigandisha kabla ya safari, vikawa vimeyeyukia njiani. Nikatia kimoja mdomoni. Kwanza ukaja utamu wa mchele, halafu harufu: ya nyasi iliyofyekwa sasa hivi, na kwa mbali kama mvumbasi. Mwisho ukabaki uchungu kidogo nyuma ya ulimi.

"Nini hii?" nikauliza.

"Ssuk."

"Ssuk ndiyo nini?"

"Magugu," akajibu. Tukacheka wote.

Lakini akaongeza jambo ambalo halikuniondoka. Bibi mwenye nyumba aliyompangisha, mama wa miaka themanini na kitu, ndiye aliyemfundisha kuchuma yale majani. Anayachuma, anayapika, anawagawia wageni. Yeye mwenyewe hayali. Alipoulizwa kwa nini, alisema alipokuwa mtoto alikula ya kumtosha maisha yake yote.

Jamani, mwandishi wa habari akisikia kauli kama hiyo halali. Nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na mmea wenyewe. Wakorea wanauita ssuk, Wajapani wanauita yomogi, na Wachina wana ndugu yake wa karibu wanayemwita ai. Wataalamu wa mimea wanaiweka yote katika jenasi ya Artemisia, ndani ya ukoo mmoja na alizeti. Jani lake kwa juu ni la kijani, kwa chini lina manyoya meupe laini. Linaota kwenye kingo za mito, kando ya mashamba, kwenye viwanja vilivyoachwa. Mizizi yake inatambaa chini kwa chini, kwa hiyo ukilikata leo, kesho kutwa linachungulia tena.

Sisi Waswahili si wageni kwa ukoo huu. Kwetu jina ni pakanga. Waliosoma Biblia watakumbuka kwamba katika kitabu cha Ufunuo kuna nyota inayoanguka juu ya mito na chemchemi, maji yakawa machungu, na nyota hiyo jina lake ni Pakanga. Maana yake kwetu jina hilo ni la uchungu na mauti. Sasa fikiria kwamba upande wa pili wa Asia kuna mataifa yaliyokaa na jani la ukoo huo huo, yakasema: hili ni chakula.

Kwenye kulifanya liliwe ndipo penye kazi. Kwanza lazima lichumwe changa, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, Machi na Aprili. Likikomaa linakuwa kama dawa ya minyoo. Pili, linachemshwa kwenye maji yenye soda kidogo. Zamani walitumia maji ya majivu. Mama yeyote wa Kitanzania anayetia magadi kwenye mlenda ataelewa mara moja: jani linalainika na rangi inabaki. Uchungu nao unapungua. Halafu linakamuliwa, linatwangwa. Na mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke unatwangwa pamoja nalo kwenye kinu, kwa mchi, mpaka vinakuwa kitu kimoja. Hapo ndipo unapata kile kidude nilichokula mimi.

Sasa twende kwenye historia.

Huko China, katika karne ya 6, mtu aitwaye Zong Lin aliandika kitabu kuhusu desturi za watu wa bonde la kati la mto Yangtze, mwezi kwa mwezi. Humo anaeleza kwamba siku ya tano ya mwezi wa tano watu walikusanya ai, wakaifunga kwa umbo la mtu na kuitundika mlangoni ili kufukuza maradhi. Desturi ya kutundika ai mlangoni siku hiyo haijafa mpaka leo. Na mapema Aprili, siku za kusafisha makaburi ya wazee, watu wa Shanghai, Suzhou na maeneo ya jirani wanakula qingtuan, vidonge vya mchele wa kunata vyenye rangi ya kijani, ndani vimejazwa maharagwe mekundu yaliyopondwa na sukari. Kijani hicho mara nyingi kinatoka kwenye jani letu hili.

Japani wana kusa mochi, maana yake mkate wa majani. Hapa kuna kisa ambacho mimi kilinifurahisha sana. Zamani Wajapani hawakutumia yomogi bali jani jingine la porini, hahakogusa, jina ambalo kwa jinsi lilivyoandikwa linasomeka "jani la mama na mtoto". Mambo haya yamo kwenye historia rasmi ya kifalme iliyokamilika mwaka 879. Inasimulia kwamba siku ya tatu ya mwezi wa tatu wanawake walichuma jani hilo wakalitwanga kwa mkate. Lakini mwaka 850 watu wakanong'onezana kwamba mwaka huu hakutakuwa na mkate, kwa sababu mama na mtoto hawapo. Mwaka huo huo mfalme Ninmyo akafariki, na muda mfupi baadaye mama yake naye akafariki. Waandishi wa ikulu wakakiandika kisa hicho kama ishara.

Baadaye yomogi ikachukua nafasi ya hahakogusa. Wengine wanasema ni kwa sababu watu waliona mkosi kumtia mama na mtoto kwenye kinu. Iwe kweli au la, ona jinsi majani ya porini yalivyoingia kwenye kumbukumbu za ikulu!

Ukishuka kusini mpaka Okinawa, jani linaitwa fuchiba, na huko halikai kwenye vitu vitamu tu. Wanalitia kwenye uji wa wali. Na, nyie mnaopenda supu ya mbuzi Jumapili asubuhi, sikilizeni: Waokinawa ni walaji wakubwa wa supu ya mbuzi, na wanaitupia fuchiba mbichi ili kukata shombo la beberu. Sisi tunaweka ndimu na pilipili, wao wanaweka pakanga.

Tufike Korea sasa, maana ndiko bibi yetu aliko.

Korea jani hili limo kwenye hadithi ya kuzaliwa kwa taifa. Mtawa wa Kibudha aitwaye Iryeon aliikusanya katika kitabu cha Samguk Yusa, karibu mwaka 1281. Dubu na chui milia waliishi pango moja, wakamwomba Hwanung, mwana wa mungu wa mbinguni, awafanye wanadamu. Akawapa fungu la ssuk na punje ishirini za kitunguu saumu. Kuleni hivi tu, akawaambia, na msione mwanga wa jua siku mia moja. Chui alishindwa akatoroka. Dubu alivumilia, na siku ya ishirini na moja akawa mwanamke. Mwanamke huyo alimzaa Dangun, ambaye kwa mapokeo aliasisi dola ya kwanza ya Wakorea mwaka 2333 kabla ya Kristo. Tarehe 3 Oktoba kila mwaka Korea Kusini wanapumzika kazi kuadhimisha siku hiyo.

Nilipousoma mkasa huu mara ya kwanza niliuchukulia kama hadithi ya kulaza watoto. Mara ya pili nikashtuka. Kiumbe amefungiwa gizani, hana chakula ila majani machungu, na anayevumilia ndiye anayekuwa mtu. Hiyo ni hadithi ya watu wanaoijua njaa.

Na waliijua kweli. Wakorea wana neno, boritgogae, maana yake mlima wa shayiri. Ni ile miezi ya kuchipua ambapo mchele wa mavuno ya vuli umekwisha ghalani na shayiri shambani bado haijaiva. Kila mwaka familia za wakulima zilikuwa zinaupanda mlima huo. Na kilichokuwa kinaota wakati huo bila kupandwa na mtu, tena bila kodi ya mwenye shamba, ni ssuk. Wanawake na watoto walitoka na vikapu. Waliokuwa na unga kidogo waliuchanganya na majani mengi wakapika kwa mvuke. Waliokuwa na soya iliyochachushwa walipika supu.

Lakini tusidanganyane kwamba njaa ile ilikuwa ya hali ya hewa peke yake. Mwaka 1910 Japani iliitwaa Korea ikawa koloni. Mwaka 1918 Wajapani huko kwao walifanya ghasia kubwa kwa sababu bei ya mchele ilipanda mno. Serikali ikatafuta mchele wa bei nafuu, na mwaka 1920 ikaanzisha mpango wa kuongeza uzalishaji wa mchele Korea. Mavuno yaliongezeka kweli. Ila mchele uliopakiwa melini kwenda Japani uliongezeka kwa kasi zaidi kuliko mavuno, na mkulima wa Kikorea akawa anakula mchele kidogo kuliko zamani. Alilima mchele, akala mtama wa kuagizwa kutoka Manchuria. Ghala likikauka, akala magugu.

Hii habari unaifahamu, siyo? Badilisha mchele uweke pamba au katani, utadhani unasoma historia yetu.

Vita ya 1950 hadi 1953 ikaja juu ya hayo yote. Bibi mwenye nyumba alikuwa mtoto wakati huo. Mlima wa shayiri uliendelea kupandwa mpaka miaka ya 1960, na ni katika miaka ya 1970, mbegu mpya ya mpunga iitwayo Tongil iliposambazwa, ndipo Korea Kusini ilipojitosheleza kwa mchele. Kaskazini mambo yalikuwa mengine: katikati ya miaka ya 1990 njaa iliua watu kwa malaki, na watu walirudi milimani kutafuta majani ya kula.

Kuna msemo wa Kikorea: mahali pakiharibika kabisa, wanasema pamekuwa shamba la ssuk. Nyumba imebomoka, watu wameondoka, magugu yametawala. Jani lile lile lililomfanya dubu awe mtu ndilo alama ya maangamizi. Mimi sioni mgongano hapo. Linaota palipoharibika, na watu wa palipoharibika ndio waliolihitaji.

Leo lina heshima zake. Kila mwaka mwanzoni mwa majira ya kuchipua, watu wanasafiri mpaka mji wa Tongyeong, pwani ya kusini, kula supu ya ssuk na samaki bapa. Mikahawa ya Seoul inauza aiskrimu ya ssuk na maziwa ya ssuk. Vijana wanapiga picha, wanasema ni ladha ya bibi zao. Bibi wenyewe, kama yule wetu, wengine hawaigusi.

Kabla sijamaliza, kuna mtu atauliza: si ndiyo ile dawa ya malaria? Hapana, ila ni jamaa yake. Dawa ya mseto tunayomeza, ALu, ambayo Tanzania na Kenya zilianza kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2006, inatokana na Artemisia annua, qinghao kwa Kichina. Tu Youyou alipata njia ya kuitoa dawa hiyo mwaka 1971 baada ya kusoma maelekezo ya Ge Hong, mganga wa karne ya 4, aliyeagiza jani liloweshwe na kukamuliwa. Mwaka 2015 mama huyo akapewa tuzo ya Nobel. Ssuk ya kula haitibu malaria. Na hata hiyo qinghao, Shirika la Afya Duniani halishauri mtu ajitibu kwa kunywa chai yake. Ukiumwa nenda kapime.

Sasa kwa nini nimewachosha na majani ya Korea?

Kwa sababu usiku ule niliporudi nyumbani nilimkumbuka mama yangu. Mama hali ugali wa mahindi ya njano. Hata kuuona hataki. Alikuwa shule ya msingi miaka ya mwanzo ya 1980, wakati wa foleni za duka la kaya na unga wa msaada wa njano ambao watu waliubatiza "Yanga". Mimi siku zote nilidhani ni maringo yake tu, au ushabiki wa Simba. Sikuwahi kumuuliza alikula nini miaka ile, na kwa muda gani, na nani alikosa.

Nilimpigia simu. Tukaongea saa nzima na dakika kumi. Hayo ni ya kwetu, siyaandiki hapa.

Ila nawaomba na ninyi, kabla wiki haijaisha, muulizeni mzazi au bibi yako ni chakula gani hagusi, na kwa nini. Halafu mkae kimya msikilize.

Tuko pamoja.