Dirivativu Hupimwa Upya, Ardhi Hubaki na Bei ya Jana: Taarifa za Fedha na Mradi wa Kabanga

Kampuni ya milki inayokopa kwa riba inayopanda na kushuka mara nyingi hujikinga kwa dirivativu, yaani mkataba ambao thamani yake hufuata mwenendo wa kitu kingine, kama riba au bei ya hisa. Kanuni ya kimataifa ya IFRS 9, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inataka mkataba huo upimwe kila hesabu zinapofungwa, na kwa kawaida tofauti huingia katika faida au hasara. Kwa kuwa tofauti hiyo haitokani na kodi za wapangaji, EPRA, ambacho ni chama cha kampuni za milki barani Ulaya, huiondoa katika kipimo chake cha mapato. Hatua hiyo ina mantiki, ila humzoesha msomaji kuamini kwamba kilichoondolewa hakina uzito.

Wilayani Ngara, Tanzania, uzito huo unaonekana wazi. Serikali ina asilimia 16 ya Tembo Nickel, kampuni ya mradi wa nikeli wa Kabanga, na mwekezaji wake mkuu, Lifezone Metals, aliorodheshwa katika soko la hisa la New York Julai 2023, kisha Machi 2024 akatoa hatifungani za dola milioni 50 zinazoweza kugeuzwa hisa. Haki ya kugeuza deni kuwa hisa, isipotimiza sharti la kiasi maalumu cha fedha kwa idadi maalumu ya hisa, huhesabiwa kuwa dirivativu iliyo ndani ya deni, kwa hiyo bei ya hisa ikipanda deni nalo huongezeka na kampuni huandika hasara ingawa hakuna fedha iliyolipwa.

Kwa wanaopisha mradi, kipimo ni kingine kabisa. Mthamini huhesabu migomba na mibuni, hupima nyumba, kisha hukokotoa posho ya usumbufu kwa wastani wa riba ya amana za muda maalumu katika benki za biashara. Chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, uthamini wa fidia huweza kutumika hadi miaka miwili, na malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita riba huongezwa. Riba hiyo, hata hivyo, haifuati bei ya shamba jirani ambako mhamaji atanunua.

Haiwezi kudaiwa kwamba wajibu unaotokana na ardhi haupimiki upya. Mgodi wa Tulawaka wilayani Biharamulo ulipohamia kwa STAMICO, shirika la madini la serikali, mwaka 2013, jukumu la kukarabati mazingira lilihamia pia, na wajibu wa aina hiyo, kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya uhasibu ya IAS 37, hukadiriwa upya kila mwaka. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu inapaswa kuzitaka kampuni zinazotwaa ardhi zieleze, kando ya marekebisho ya dirivativu, tarehe ya uthamini, fidia isiyolipwa na riba yake.