Nyimbo za Kuhitimu Shule Nchini Japani na Mapenzi Yasiyojibiwa

Makala haya yanahusu nyimbo ambazo Wajapani huziimba wakati wa kuhitimu shule, na hasa namna mapenzi yasiyojibiwa yalivyopata nafasi ndani ya nyimbo hizo. Swali letu ni moja. Imekuwaje sherehe iliyobuniwa na serikali kwa ajili ya kumshukuru mwalimu na kulitukuza taifa igeuke kuwa saa ya kijana kumlilia mtu ambaye hakuthubutu kumwambia kwamba anampenda?

Ifahamike kwanza kwamba majira yenyewe yana historia. Shule za Japani hufunga mwaka mwezi wa Machi na kufungua mwezi wa Aprili, na kila mtu huko huzungumza juu ya maua ya sakura kana kwamba shule na maua vilizaliwa pamoja. Sivyo. Serikali ilihamishia mwaka wake wa fedha mwezi wa Aprili mnamo 1886, nazo shule zikafuata polepole, mojamoja. Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, kilichokuwa kikifungua masomo Septemba kwa mfano wa Ulaya, kilihamia Aprili mwaka 1921. Kwa hiyo ushairi wote wa maua yanayopukutika juu ya vichwa vya wahitimu umetokana na daftari za hazina. Tena maua hayo hayachanui kwa wakati mmoja nchini kote: Okinawa huchanua Januari, na huko Hokkaido mtoto huhitimu huku theluji ingali chini, akiimba juu ya maua ambayo hatayaona kabla ya mwisho wa Aprili au Mei.

Nyimbo zenyewe zilianza na utawala wa Meiji. Mwaka 1879 Wizara ya Elimu iliunda ofisi ya kuchunguza mambo ya muziki, chini ya Isawa Shuji, na mwaka uliofuata ikamwita kutoka Boston mwalimu Mmarekani, Luther Whiting Mason. Kazi yao ilikuwa kutunga kitabu cha nyimbo kwa shule za msingi, kwa kuchukua muziki wa Magharibi na kuuvisha maneno ya Kijapani. Katika juzuu ya kwanza, yenye tarehe ya 1881, umo wimbo unaojulikana leo kwa jina la Hotaru no Hikari, yaani Mwanga wa Vimulimuli. Muziki wake ni ule wa Kiskoti wa Auld Lang Syne. Msomaji wetu aliyepitia uskauti anaujua bila shaka, kwa maneno ya Kifaransa aliyoyatunga padri Mjesuiti Jacques Sevin mwaka 1920. Vimulimuli vyenyewe vinatoka katika hadithi ya Kichina ya msomi maskini asiyekuwa na mafuta ya taa, akasoma usiku kwa mwanga wa wadudu hao.

Beti mbili za kwanza huzungumzia masomo na kuachana. Ubeti wa tatu na wa nne ni siasa tupu: ndani yake zilitajwa Okinawa na visiwa vya Chishima kuwa ncha za nchi inayopaswa kulindwa, na ncha hizo zikasogezwa katika wimbo kadiri zilivyosogezwa kwa silaha, hata Taiwan na Karafuto nazo zikaingia baada ya vita na China na Urusi. Beti hizo ziliachwa baada ya 1945. Lakini kuna jambo dogo linalotuvutia zaidi. Wimbo ulipokuwa bado unaandikwa, mkuu mmoja katika Wizara alipinga msemo fulani wa ubeti wa tatu, kwa sababu ulifanana na ahadi wanazopeana mwanamume na mwanamke. Msemo ukabadilishwa. Hapo tunaona kwamba tangu mwanzo muziki huo wa kuagana ulikuwa ukiyavuta mapenzi, na serikali ililitambua hilo mapema ikaufunga mlango.

Wimbo wa pili mkubwa, Aogeba Totoshi, ulitoka katika juzuu ya tatu mwaka 1884. Huu ni wa kumshukuru mwalimu. Kwa zaidi ya karne moja wataalamu walibishana juu ya asili ya muziki wake, wengine wakidai ni wa Isawa mwenyewe, mpaka mwaka 2011 Sakurai Masato, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Hitotsubashi, alipoukuta katika kitabu cha nyimbo za shule kilichochapishwa Marekani mwaka 1871. Huko Marekani ulikuwa umesahauliwa kabisa. Taiwan, iliyotawaliwa na Japani kuanzia 1895 hadi 1945, iliubakiza kwa maneno ya Kichina. Katika Japani ya baada ya vita ubeti wake wa pili, unaomhimiza mwanafunzi kujipatia cheo na jina, mara nyingi umerukwa, kwa kuwa ulionekana haupatani na demokrasia.

Sasa tuje kwenye mapenzi. Kabla ya vita yasingeweza kuingia kwa urahisi, kwa sababu iliyo wazi mno hata huwa haitajwi: baada ya shule ya msingi, wavulana na wasichana hawakusoma pamoja. Sheria ya Msingi ya Elimu ya mwaka 1947 ndiyo iliyokubali masomo ya mchanganyiko. Kijana wa miaka 15 au 17 akaanza kukaa darasa moja na msichana kwa miaka mitatu, akiuona upande mmoja wa uso wake kila siku, kisha kengele ya Machi ikawatawanya wote. Mwaka 1963 Funaki Kazuo aliimba Koko Sannensei, wimbo wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ambamo wavulana na wasichana hucheza ngoma wakishikana mikono. Kushikana mikono kulitosha kuwa habari mpya.

Hata hivyo tusisahau kwamba kwa wengi, kuagana kwa miaka ile hakukuwa mchezo. Tangu 1954 treni maalumu ziliwachukua watoto waliomaliza miaka tisa ya shule kutoka Aomori na wilaya nyingine za kaskazini, zikawashusha katika stesheni ya Ueno, Tokyo, ili wakafanye kazi viwandani na madukani. Treni hizo ziliendelea hadi 1975. Walioitwa mayai ya dhahabu walikuwa watoto wa miaka 15. Wimbo wao, Aa Ueno Eki wa mwaka 1964, humtaja mama na kijiji. Mapenzi, kwa maoni yetu, yalihitaji kwanza nafasi ya kuchelewa: yalistawi pale watoto wengi zaidi walipobaki shuleni hadi umri wa miaka 18.

Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Katika miaka ya 1974 na 1975 ulienea wimbo Nagori Yuki wa Ise Shozo, wa kijana anayemsindikiza msichana kwenye stesheni huku theluji ya mwisho ikianguka, akitambua thamani yake treni ikiwa imeshafika. Mwaka huohuo wa 1975 Arai Yumi alitoa Sotsugyo Shashin, Picha ya Kuhitimu, ambamo mtu aliyependwa amebaki ndani ya albamu ya shule. Mwaka 1979 ukaja Okuru Kotoba wa kundi la Kaientai, wimbo wa tamthilia ya televisheni juu ya mwalimu Kinpachi, aliyechezwa na mwimbaji mwenyewe, Takeda Tetsuya. Taifa zima liliupokea kama maneno ya mwalimu kwa wanafunzi wake, na shule zikauimba katika sherehe zao. Takeda alikuja kueleza kwamba aliuandika kuhusu yeye mwenyewe kukataliwa na msichana. Hivyo maneno ya aliyekataliwa katika mapenzi yaliingia ukumbini mbele ya wazazi na mkuu wa shule, na hakuna aliyeyazuia. Mlango uliofungwa na Wizara karne moja nyuma ukafunguka bila kelele.

Mwaka 1985 peke yake zilitoka nyimbo nne zenye jina moja, Sotsugyo, Kuhitimu. Ule wa Ozaki Yutaka unaishambulia shule yenyewe. Ule wa Saito Yuki unamwonyesha msichana ambaye halii siku ya kuhitimu, kwa kuwa anajua kwamba kijana anayempenda atakwenda Tokyo na kubadilika. Katika wimbo huo wasichana wadogo wanamwomba kijana vifungo vya sare yake. Desturi hii yahitaji maelezo. Sare ya wavulana, yenye kola iliyosimama, ilianza katika shule ya Gakushuin mwaka 1879 kwa mfano wa sare za kijeshi. Kwa kawaida ina vifungo vitano, na kile cha pili kutoka juu husemwa kuwa karibu zaidi na moyo. Msichana aliyenyamaza miaka mitatu hukiomba kifungo hicho siku ya mwisho. Akipewa, amejibiwa, akikuta koti limeshabaki wazi, amejibiwa pia. Kwa watu wanaoona haya kutamka neno la mapenzi, ulikuwa mpango wenye akili, na kuna utani fulani kwamba vazi la askari ndilo lililofanya kazi hiyo.

Nyimbo mpya hazikukoma. Mwaka 1991, katika shule ya Kagemori huko Chichibu, mkuu wa shule Kojima Noboru na mwalimu wa muziki Sakamoto Hiromi walitunga Tabidachi no Hi ni, na walimu wakauimba mbele ya wahitimu wao. Umeenea nchini kote na katika shule nyingi umeshika nafasi ya zile za Meiji. Hauna mapenzi ya wawili ndani yake, nao umekaa vizuri pembeni mwa zile zenye mapenzi. Kwa upande mwingine, wimbo 3-gatsu 9-ka wa kundi la Remioromen, wa mwaka 2004, ulitungwa kwa ajili ya harusi ya rafiki, lakini tarehe yake ya tisa Machi ilitosha kuwafanya wanafunzi wauchukue.

Sare nayo inabadilika. Tangu miaka ya 1980 shule nyingi zimeacha kola iliyosimama na kuvaa blaza na tai. Kifungo cha pili cha blaza hukaa tumboni, mbali na moyo, na katika shule kadhaa wasichana sasa huomba tai.